Breki za upepo: Kiungio kinachoingia si lazima kiwe kinachofaa

MSAFIRI anayetoka Songea kwenda Mbinga ni nadra kupita Kitai bila kupishana na malori ya makaa ya mawe. Hapo ndipo barabara inayotoka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, inapoungana na barabara kuu, na huko ndiko yanakotokea malori yaliyopakia katika machimbo ya Ngaka, kijijini Ntunduwaro. Kampuni ya Tancoal ilianza kuchimba makaa hayo mwaka 2011. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa kutoka nje ya nchi, viwanda vya saruji viligeukia Ruvuma, na miaka michache baadaye makaa yakaanza kupelekwa Bandari ya Mtwara kwa ajili ya kusafirishwa ng'ambo. Barabara iliyokuwa ikipitisha kahawa na mahindi sasa inapitisha pia malori yenye matela, mchana na usiku.

Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba habari hii haimhusu. Inamhusu. Saruji anayojengea huenda ilichomwa kwa makaa ya Ngaka, na basi analopanda kwenda Njombe au Songea hufuatana na malori hayo katika kona za Lukumburu na katika mteremko wa Kitonga, ambako dereva hana pa kukimbilia ila breki na gia. Zaidi ya hayo, basi lenyewe kwa kawaida lina breki za namna ile ile: breki za upepo.

Makala haya yanazungumzia kitu kidogo sana katika mfumo huo, ambacho kinaweza kushikwa kiganjani: kiungio kinachofunga bomba kwenye kompresa. Ni kitu ambacho hununuliwa kwa haraka, mara nyingi gari likiwa limekwama, na kipimo kinachotumika kukichagua ni kimoja tu, yaani kama kinaingia au hakiingii.

Kompresa ni pampu ya pistoni inayoendeshwa na injini. Huvuta hewa, huikandamiza, huisukuma kwenye bomba. Kutoka hapo hewa hupita katika kikaushio kinachoondoa maji na mafuta, ndipo huingia kwenye matanki yaliyofungwa kwenye chasisi. Dereva anapokanyaga pedali hasukumi breki kwa nguvu ya mguu wake. Anafungua tu njia ili upepo uliohifadhiwa ukaifanye kazi hiyo. Kila anapokanyaga, upepo kiasi fulani hutumika na hutoka nje kwa ule mlio unaofahamika na kila mtu, na kompresa hulazimika kurudisha kilichotumika.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya madereva wa siku nyingi hawalitambui. Baada ya kikaushio kuna valvu inayoruhusu upepo kwenda upande mmoja tu, usirudi nyuma. Kwa hiyo, bomba la kompresa likipasuka au kiungio chake kikilegea, matanki hayamwagiki. Geji inaendelea kusoma vizuri. Lori linaweza kuondoka kituoni likiwa na matanki yaliyojaa, likatembea tambarare nzima bila dalili yoyote, kwa sababu tambarare breki hazikanyagwi mara kwa mara. Upungufu hujitokeza pale dereva anapoanza kukanyaga na kuachia katika mteremko: kinachotoka ni kingi, kinachorudi ni kidogo, na mshale wa geji unaanza kushuka taratibu. Kwa maneno mengine, kiungio kibovu hujidhihirisha mahali pabaya kuliko pote.

Presha ikishuka hadi takriban bar 4, taa au kengele ya tahadhari humwambia dereva asimame. Ikiendelea kushuka, springi zenye nguvu zilizoko kwenye breki za nyuma hujifunga zenyewe. Wazo hilo la breki kushika pale upepo unapokosekana si geni. Mmarekani George Westinghouse alilitumia kwenye treni tangu mwaka 1872. Dereva anayetii kengele na kuegesha anapoisikia atapona. Tatizo ni magari ambayo kengele yake imekatwa waya kwa kuwa "inapiga kelele", na ni mengi kuliko inavyostahili.

Ni haki kusema pia kwamba si kila ajali inayoitwa "breki kufeli" inatokana na upepo. Katika miteremko mirefu, kinachoua breki mara nyingi ni joto: dereva ameshuka kwa gia kubwa au ameondoa gia kabisa ili kubana mafuta, ngoma zimepata moto, na breki zimepoteza mshiko hata kama matanki yamejaa. Lakini mambo haya mawili huongozana. Anayekanyaga sana hupasha breki moto na papo hapo humaliza upepo, na hapo kompresa isiyofikisha upepo wote kwenye tanki humwondolea nafasi yake ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kiungio chenyewe, na tuanze na thredi, au hesi kama wanavyoandika watu wa kamusi.

Barabara zetu zimekusanya malori ya dunia nzima. Scania, Volvo, DAF, MAN na Mercedes-Benz kutoka Ulaya, pamoja na mengi ya Kichina kama Howo na Shacman, kwa kawaida hutumia thredi za milimita. Malori ya Kijapani, hasa ya zamani, mara nyingi yana thredi za inchi zilizochongoka, za jamii moja na zile za Kiingereza zinazotumika kwenye mabomba ya maji. Freightliner na ndugu zake wa Marekani wana thredi za inchi za kwao. Karakana moja ndogo inaweza kupokea aina zote hizi katika wiki moja, na sanduku la vipuri vya zamani likachanganya vyote.

Kiungio kinachojulikana sana katika breki za Ulaya ni cha M22 x 1.5. Maana yake ni kwamba kipenyo cha nje cha thredi ni milimita 22, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Kwenye mdomo wa kutolea upepo wa kompresa nyingi za Ulaya hukutwa pia M26 x 1.5. Upande wa pili kuna kile kinachoitwa "nusu inchi". Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwani ukikipima kwa rula hukuti nusu inchi popote. Jina hilo linatokana na tundu la bomba la enzi zile, si thredi yenyewe. Thredi ya nusu inchi ya Kiingereza ina kipenyo cha karibu milimita 21, na meno 14 katika kila inchi, yaani takriban milimita 1.8 kutoka jino hadi jino.

Mtu akichukua kiungio hicho cha milimita 21 na kukifunga katika tundu la M22, kitaingia. Kitazunguka mara moja au mbili kikiwa kimelegea, kisha meno yatagongana kwa sababu nafasi zake hazilingani. Fundi mwenye haraka atakizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, atakiongezea nguvu ya spana, na kitakaza. Kilichotokea ni kwamba kiungio hakikufungwa, kimekwama. Kinashikwa na ncha za meno mawili matatu yaliyokwisha kusagika, na kompresa inatikisika kila sekunde injini inapounguruma.

Danganyifu kuliko hiyo ni nusu inchi ya Kiingereza dhidi ya nusu inchi ya Kimarekani. Zote zina meno 14 kwa inchi. Vipenyo vinakaribiana mno. Tofauti iko katika umbo la jino: la Kiingereza lina pembe ya digrii 55, la Kimarekani digrii 60. Kwa macho huwezi kuona. Zitafungana vizuri kabisa mkononi na zitakaza kwa spana, lakini kati ya jino na jino hubaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara, na upepo hupita humo. Tepu itaiziba kwa siku kadhaa. Ukija kwenye inchi tatu ya nane (3/8) mambo ni bora kidogo, maana ya Kiingereza ina meno 19 na ya Kimarekani 18, hivyo zinakataana mapema.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Kuna kipimo cha thredi, kifaa kidogo kinachofunguka kama kisu cha mfukoni, chenye mabati membamba yaliyokatwa meno. Bati linalolala juu ya thredi bila mwanga kupita ndilo jibu. Kikitumiwa pamoja na kalipa ya kupimia kipenyo, nusu ya makosa haya hayatokei. Asiye navyo abebe kiungio cha zamani chenyewe hadi dukani, iwe Songea mjini au Gerezani jijini Dar es Salaam, na nati yake. Kwenda na maneno "nipe ya Scania" hakutoshi, kwani gari lililopita mikononi mwa wamiliki watatu huenda lilishabadilishwa viungio vya asili.

Baada ya thredi, mnunuzi ajiulize upepo unazibwa na nini. Thredi iliyochongoka hujiziba yenyewe kadiri inavyokazwa, na ndiyo pekee inayohitaji tepu au gundi ya thredi. Thredi iliyonyooka, kama M22, haizibi chochote. Inayoziba ni washa ya shaba nyekundu au alumini iliyoko chini ya kichwa, au pete ya mpira. Kuizungushia tepu ni kazi bure, tena vipande vyake hukatika na kusafiri hadi kwenye valvu. Washa ya shaba hutumika mara moja tu, kwa kuwa ikishabanwa hugeuka ngumu na haifuati tena sura ya chuma. Aidha, kichwa cha kompresa kikiwa cha alumini, kiungio kilichochongoka kinachokazwa kwa nguvu za kifua hufanya kazi ya kabari: hupasua mdomo wa kompresa, na fundi aliyetaka kuokoa bei ya washa akajikuta ananunua kichwa kizima.

Bomba lenyewe la chuma hushikwa na nati na kipete kinachouma ukuta wa bomba. Katika mfumo wa Ulaya uliozoeleka, bomba la milimita 15 huenda na nati ya M22 x 1.5, na la milimita 18 huenda na M26 x 1.5. Kipete kilichouma bomba moja hakihamishiwi kwenye jingine.

Jambo la pili ni joto, na katika hili makosa mengi hufanywa na watu wanaodhani wanajihami.

Kila aliyejaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba mdomo wa pampu hupata moto. Kompresa ya lori hufanya kazi hiyo hiyo, ikifikisha upepo kwenye bar 8 hadi 10 au zaidi. Upepo unaotoka mdomoni mwake unaweza kufikia nyuzi joto 200 za sentigredi. Bomba la nailoni, lile la rangi nyeusi au za kupendeza linaloonekana kila mahali chini ya chasisi, huvumilia takriban nyuzi 90 hadi 100 tu. Viungio vya kuchomeka kwa kidole vinavyotumika nalo vina pete za mpira na meno ya kushikia ambayo nayo hayapendi moto. Mahali pa vitu hivyo ni baada ya kikaushio, ambako upepo umekwisha kupoa. Karibu na kompresa havina nafasi.

Wapo wanaolijua hilo, kwa hiyo huamua kufunga mpira wa haidroliki wa tipa. Hoja yao ni kwamba mpira huo unabeba zaidi ya bar 200, seuze bar 10. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini imejibu swali lisiloulizwa. Katika kipande hiki adui si presha, ni joto, na mpira wa kawaida wa haidroliki umetengenezwa kwa mafuta yenye nyuzi joto kama 100. Ukuta wake wa ndani hulainika, huvimba na kumeguka, wakati nje unang'aa kana kwamba umetoka dukani leo. Tundu linazibika kimya kimya, na vipande vyeusi vinahamia kwenye kikaushio.

Kinachofaa ni bomba la chuma au la shaba nyekundu, na mahali panapohitaji kujipinda, mpira wenye utando wa teflon ndani na wavu wa waya wa chuma kisichoshika kutu nje, wenye viungio vya chuma au vya shaba ya njano vilivyobanwa kiwandani au kwa mashine. Kipande hicho kinachojipinda si anasa. Injini inatikisika juu ya raba zake wakati chasisi imetulia, na bomba gumu lililofungwa pande zote mbili litakatika tu, kwa kawaida pale pale kwenye shingo ya nati. Ndiyo maana bomba lililokatika na kuchomelewa hukatika tena sentimita moja pembeni ya weldi.

Kosa jingine linalotokana na nia njema ni kufupisha bomba. Lile bomba refu linalozunguka mita kadhaa kabla ya kufika kwenye kikaushio halikuwekwa kwa ubadhirifu wa mtengenezaji. Urefu huo ndio unaopoza upepo. Bomba likifupishwa, kikaushio hupokea upepo wa moto, hushindwa kunyonya maji, na maji huishia kwenye matanki. Vilevile bomba linapaswa kuteremka mfululizo hadi kwenye kikaushio, bila tumbo la kutuamisha maji na mafuta.

Upana wa tundu nao ni sehemu ya joto. Elbo kali au kiungio chenye tundu jembamba hubana njia, kompresa hufanya kazi zaidi, joto hupanda, na mafuta kidogo yanayopita pamoja na upepo huungua na kuganda kama masizi. Masizi hubana njia zaidi. Kompresa inayotoa mafuta mengi na kulaumiwa kuwa imechakaa mara nyingine inahitaji bomba jipya tu. Ukifungua kiungio cha kutolea upepo na kukuta masizi yenye unene unaozidi milimita moja na nusu, safisha au badilisha.

Hadi hapa tumezungumzia upande wa kutolea upepo. Upande wa kuvutia hewa husahaulika, na kwa malori ya Kitai huo ndio ningeutazama kwanza.

Kiungio kibovu upande wa kutolea hupiga mluzi. Anayepita jirani atausikia. Kiungio kibovu upande wa kuvutia hakisemi kitu. Hakitoi upepo, kinauvuta, na kinavuta pamoja nao kila kilichoko hewani: vumbi jekundu la barabara wakati wa kiangazi na vumbi jeusi la makaa mahali pa kupakilia. Vumbi hilo halikupita kwenye chujio. Huingia moja kwa moja kwenye silinda ya kompresa, huchanganyika na mafuta na kuwa kama unga wa msasa, na kula pete za pistoni. Hapo mafuta hupanda, masizi huongezeka, na mzunguko ulioelezwa hapo juu huanza. Mmiliki atabadilisha kompresa, atafunga mpya kwenye mpira ule ule wa kuvutia wenye klipu iliyolegea, na atalalamika kwamba kompresa za siku hizi hazidumu. Upande huu presha ni ndogo na joto si la kutisha, hivyo mpira mzuri unatosha. Kinachotakiwa ni klipu pana inayobana mzunguko wote, si waya uliosokotwa kwa koleo.

Kuhusu ukaguzi, ipo desturi ya kuzima injini, kusikiliza na kutazama kama geji inashuka. Ni desturi nzuri, na mwongozo wa madereva wa Marekani huitaka lori lenye tela lisipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika bila kukanyaga breki, au psi 4 likiwa limekanyagwa. Lakini kumbuka ile valvu isiyoruhusu upepo kurudi. Kwa sababu yake, jaribio la kuzima injini haliwezi kugundua uvujaji ulioko kati ya kompresa na kikaushio. Gari linaweza kufaulu huku kiungio cha kompresa kikiwa kimepasuka.

Sehemu hiyo hupimwa injini ikiwa inanguruma na kompresa ikiwa inajaza. Punguza upepo kwa kukanyaga pedali mara kadhaa, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungio, ukijihadhari na moto. Matanki yakijaa kompresa hupumzishwa na povu litatulia hata kwenye ufa, hivyo fanya mapema. Kisha pima muda: mwongozo huo wa Marekani hutaka presha ipande kutoka psi 85 hadi 100, yaani karibu bar 5.9 hadi 6.9, kwa sekunde 45 injini ikiwa katika kasi. Bora zaidi, pima gari lako mwenyewe likiwa zima na uandike sekunde hizo kwenye daftari la gari. Zikianza kurefuka, kuna upepo unaopotea au kompresa iliyochoka, hata kama geji mwishowe inafika juu.

Kabla ya kufungua kiungio chochote, weka vigingi kwenye magurudumu, maana gari linaweza kuondoka, na mwaga upepo wa matanki. Acha bomba lipoe. Ukishafunga kipya, kiweke kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya kugusa spana. Kikigoma mapema, kitoe na upime tena. Baada ya safari ya kwanza, washa mpya ya shaba huwa imekaa na kiungio kinaweza kukubali kukazwa kidogo. Kwa lori linalotoka Ngaka, mahali pa kufanya hivyo ni Songea, kabla ya kuikuta Lukumburu.